Je, miti inazungumza? Jibu kwa vijana wanaotaka kuuingiza msitu wa Arabuko-Sokoke ukumbini

"Mwalimu, salaam. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Kilifi. Wawili wetu ni mafundi wa simu na umeme, mmoja mchoraji, wengine tunaongoza watalii. Tumepata fedha kidogo za kuandaa maonyesho kuhusu msitu wa Arabuko-Sokoke katika ukumbi wa shule. Wazo letu ni chumba cha giza chenye gogo katikati. Mtoto akiligusa asikie mti ukizungumza, kwa kutumia vile vifaa vinavyogeuza umeme wa jani kuwa muziki. Sakafuni tuweke taa zinazoonyesha miti ikilishana kupitia nyuzi za uyoga, mti mama na watoto wake. Wenzetu wengine wanataka tununue miwani ya uhalisia pepe, ile inayomwonyesha mtu picha za kompyuta pande zote kana kwamba yumo ndani yake, badala ya hayo yote. Askari mmoja wa msitu ametuambia habari za miti kuzungumza ni uongo mtupu, tutawadanganya watoto. Je, ni kweli? Na je, maonyesho kama haya yanaweza kupunguza ukataji wa miti?"

Salaam kwenu nyote. Mmeuliza mambo kadhaa, lakini nikiyasoma kwa pamoja naona hofu moja: msije mkawafurahisha watoto kwa jambo lisilo kweli, tena kuhusu msitu ulio jirani yao. Hofu hiyo ishikeni. Askari wenu amepatia nusu. Vifaa mlivyoviona vinapima kitu cha kweli. Uongo huingia pale mtu anapoeleza kile kinachosikika.

Tuanze na hicho kifaa cha muziki. Klipu mbili hubanwa kwenye jani, umeme mdogo mno hupitishwa kati yake, na kifaa hupima jani linaupitisha kwa urahisi gani. Kipimo kikipanda au kushuka, programu huchagua noti ya muziki. Mabadiliko hayo yanatokana na maji yaliyomo ndani ya jani, joto, mwanga, au hata upepo wa feni uliotikisa waya. Lakini sauti ya filimbi mnayoisikia imechaguliwa na aliyeandika programu, na mpangilio wa noti kauchagua yeye pia, ndiyo sababu muziki hutoka mtamu kila mara. Mtoto akiligusa jani, sehemu kubwa ya kinachopimwa ni mtoto mwenyewe, maana mwili wake umejaa maji yenye chumvi na sasa umeingia kwenye saketi. Baneni klipu hizo kwenye embe bivu: nalo litaimba. Mkimwambia mtoto kwamba ule ni mti unasema naye, askari ana haki ya kununa.

Hata hivyo mimea ina umeme wake. Mwaka 1873, Uingereza, John Burdon-Sanderson alipima wimbi la umeme katika mmea unaonasa wadudu, na baadaye Jagadish Chandra Bose akalifuatilia jambo hilo kwa miaka mingi kule Calcutta. Mmoja wa mimea aliyoitumia Bose ni kifauongo, na huyo mnamjua tangu utotoni. Ukimgusa hujikunja. Kinachotokea ni hiki: mguso huamsha wimbi la umeme linalosafiri kwenye kikonyo kwa mwendo wa sentimita chache kwa sekunde. Likifika kwenye kifundo kilicho chini ya jani, seli za upande mmoja huachia chumvichumvi, maji nayo huzifuata nje, upande huo hulegea na jani hulala. Ni bawaba inayoendeshwa na maji.

Kwa hiyo ningeliondoa gogo na kuweka vyungu vya kifauongo. Mafundi wenu wanaweza kubandika nyaya mbili nyembamba na kukuza ishara hiyo hadi ionekane ukutani. Mtoto aguse, aone wimbi likipanda kwenye skrini, kisha jani lilale. Hapo ameshuhudia mmea ukiitikia kwa njia yake wenyewe, na hakuna aliyemtafsiria. Wekeni vyungu vingi na kuvipokezana, maana jani huchukua dakika kadhaa kufunguka tena, na likiguswa mfululizo huacha kuitikia. Pia msifiche kwamba asili ya kifauongo ni Amerika ya Kusini na kwamba hapa kwetu amekuwa magugu. Kwenye chungu abaki.

Sauti ya mimea je? Ipo, ila si ya masikio yetu. Maji hupanda ndani ya shina kwa kuvutwa kutoka juu: jani linapopoteza mvuke, uzi wa maji uliomo kwenye vijibomba vya mti huvutwa kama kamba. Ukame ukizidi, mvutano hupita kiasi, kiputo cha hewa huingia na uzi hukatika kwa mlio mfupi. Mwaka 1966 Milburn na Johnson waliugundua mtetemo huo kwenye mbarika. Mwaka 2023 watafiti wa Tel Aviv walitangaza kwamba nyanya na tumbaku zenye kiu hutoa milio 30 hadi 50 kwa saa, ilhali zisizo na shida hutoa chini ya mmoja. Milio hiyo ni ya mitetemo kati ya 40,000 na 80,000 kwa sekunde, na sikio la binadamu hukoma karibu na 20,000. Ukiipunguza kasi mara kumi, mtoto ataisikia. Huo ni ufundi halali kabisa, mradi umwambie kwamba sauti imepunguzwa kasi na kwamba mmea haumwiti mtu. Anachokisikia ni uharibifu ukitokea.

Sasa nyuzi za uyoga, na hapa ndipo nataka mtulie nami kidogo, maana taa zenu za sakafuni zina tatizo kubwa kuliko muziki.

Kuvu, yaani viumbe wa jamii ya uyoga, wanaoishi na mizizi wapo kweli na kazi yao ni kubwa. Nyuzi zao ni nyembamba kuliko mzizi wowote, kwa hiyo hupenya kwenye vinafasi vya udongo ambavyo mzizi haufiki, zikarudi na maji na fosfora, kirutubisho ambacho mti unakihitaji; mti nao hulipa kwa sukari. Takriban asilimia 70 ya spishi za mimea huishi na kuvu wa aina inayoingia ndani kabisa ya seli za mzizi, na aina hiyo haitoi uyoga mnaouona kwa macho. Aina ya pili hufunika ncha za mizizi kama soksi, na wengi wa kundi hili ndio huchipuza uyoga baada ya mvua. Peter Högberg aliichunguza miti ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo inajulikana vyema kwamba jamii ya mrihi na mbambakofi huishi na kuvu wa soksi. Yote miwili mnayo Arabuko-Sokoke. Miti mingi mingine ya msitu huo ni ya kundi la kwanza. Kuvu wa makundi haya mawili hawashiriki mtandao mmoja. Kwa hiyo sakafu inayounganisha kila mti na kila mti kwa taa zilezile si sahihi hata kwa msitu wenu wenyewe.

Na habari ya mti mama? Chanzo chake kikubwa ni jaribio lililochapishwa mwaka 1997 na Suzanne Simard na wenzake huko British Columbia, Kanada. Walitia alama kaboni, ambayo mmea huijengea sukari yake, na kuonyesha kwamba ilihama kati ya miche ya spishi mbili tofauti. Jaribio lilikuwa zuri. Baadaye hadithi ikakua kuliko ushahidi. Mwaka 2023 Justine Karst, Melanie Jones na Jason Hoeksema walizipitia tafiti zilizofanywa msituni wakaeleza kwamba mitandao hiyo imechorwa ramani katika misitu michache sana, na kwamba hakuna utafiti wa msituni uliochapishwa unaothibitisha kuwa miti mikubwa hupendelea kuwapelekea watoto wake chakula au tahadhari. Angalieni pia kwamba Melanie Jones alikuwa mmoja wa waandishi wa ule utafiti wa 1997. Hawa si watu waliosimama nje wakirusha mawe.

Mnaweza kuonyesha nini basi? Onyesheni biashara iliyo na uhakika: sukari kwa fosfora. Mrihi wenu hukua kwenye mchanga mweupe ulioishiwa rutuba, na hilo ndilo linalofanya kuvu wawe na maana. Chukueni watoto wawili. Mmoja ana tochi, anamulika kipande cha sola kilicho juu ya "jani", na mwanga huo unawasha nguvu ya mwenzake. Mwenzake ni kuvu, anasukuma uzi wa taa kwenye sanduku la mchanga hadi afikie chembe za fosfora mlizozificha. Akizifikia, jani la mwenzake hupanuka na kushika mwanga zaidi. Mmoja akiacha, wote wawili huzimika. Hakuna mama wala mtoto hapo, lakini wakitoka wataweza kukueleza kwa nini mti mkubwa husimama kwenye mchanga usiootesha mahindi.

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila wazo la sanaa ya aina hii. Msitu umejaa mambo ya chanzo na matokeo, ila mengi ni ya polepole mno, madogo mno, au hutokea usiku. Teknolojia inaruhusiwa kuharakisha, kukuza na kuleta mchana. Ikishabadilisha chanzo chenyewe, hapo mmeanza kusimulia hekaya. Hekaya nazo ni nzuri, na mchoraji wenu asizuiwe; basi kila kituo kiseme wazi kipi kimepimwa, kipi kimekuzwa, na kipi kimebuniwa.

Kwa kipimo hicho, kuna kitu ambacho ningekitamani kuliko vyote katika ukumbi wenu, nanyi hamkukitaja: mnyama mdogo aitwaye sange mwenye matako ya dhahabu. Makao yake makuu duniani ni msitu wenu huo, naye yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Maisha yake yote yamo kwenye majani makavu yaliyoanguka. Humo hufukua wadudu kwa pua yake ndefu, humo hujenga viota vya majani, na humo ndimo masikio yake hufanyia kazi, kwa sababu hakuna adui anayeweza kutembea juu ya majani makavu bila kusikika. Akishtuka hupiga majani kwa mkia, kisha hutoka mbio. Inadhaniwa kupiga huko ni kumwambia adui kwamba ameshaonekana, asijisumbue. Na lile doa la dhahabu lina ngozi nene chini yake, kana kwamba amemwekea adui mahali pa kuuma.

Jengeni sakafu ya mbao, muitandaze majani makavu kwa kina cha kiganja. Majani yatoke kwenye mikorosho na miembe ya mashambani. Ya msituni yaacheni. Chini ya mbao bandikeni vile visahani vya shaba vinavyolia ndani ya saa za mezani na kadi za muziki, ambavyo mafundi huviita piezo. Ukivigeuza kazi huwa vihisi vya mtetemo, na bei yake ni ndogo. Ukutani projekta ionyeshe kivuli cha sange akila. Mtoto akikanyaga kwa kishindo, sange huganda, hupiga mkia, hutoweka. Akinyata vizuri, sange humkaribia. Upande wa pili wa sakafu acheni mchanga mtupu, kama pale ambapo majani yamefagiliwa au yameungua. Huko mtoto atatembea kimya anavyotaka, lakini sange hatakuja kamwe, kwa kuwa hakuna chakula. Watoto watashindana kunyata bila kuambiwa na mtu, na baada ya muda mfupi mmoja wao atauliza kwa nini upande ule hauji kitu. Swali hilo likitoka mdomoni mwa mtoto, kiongozi wenu ndipo aseme.

Mkiwa na nafasi, tumieni aina tatu za udongo, kwa sababu Arabuko-Sokoke ni misitu mitatu ndani ya mmoja. Mashariki, karibu na bahari, mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka na miti ni mchanganyiko. Katikati kuna mrihi kwenye mchanga mweupe. Kaskazini-magharibi mvua hushuka hadi karibu milimita 600, na kwenye udongo mwekundu kuna kichaka kizito cha miti iitwayo Cynometra, ambamo bundi mdogo wa Sokoke hupenda kukaa. Ndege kwera wa Clarke yeye hushikamana na mrihi. Mtu asimame kwenye udongo mwekundu asikie usiku wa udongo mwekundu. Ahamie mweupe, sauti zibadilike. Zirekodini wenyewe. Kuna vinasa sauti vidogo vya bei nafuu vinavyojiwasha kwa ratiba na kukaa msituni siku nyingi kwa betri. Ila ramani ya mahali bundi alipo msiitundike, na sauti yake msiicheze msituni kumwita, hasa wakati wa kuzaa.

Kuhusu mti wenyewe "kusema", upo mfano ninaoupenda. Mwaka 2019, katika msitu wa utafiti wa Harvard huko Massachusetts, Marekani, mwaloni mwekundu uliwekewa vihisi, na kompyuta ikawa inageuza vipimo vyake kuwa jumbe fupi mtandaoni. Maneno yaliandikwa na watu, na hawakulificha hilo, lakini kila ujumbe ulitokana na kipimo. Mojawapo ya vipimo hivyo ni unene wa shina. Shina husinyaa mchana, majani yanapotoa maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoyaleta, kisha hujaa tena usiku. Tofauti ni sehemu ndogo ya milimita. Kihisi kilichokazwa kwenye shina huipima kila baada ya dakika chache. Kama fedha hazitoshi, ukanda wa chuma kisichoshika kutu wenye springi utawaonyesha ukuaji wa mwezi hadi mwezi. Ingizeni vipimo vya mbambakofi mmoja halisi kwenye duara la mwanga linalopanuka na kunywea, siku nzima kwa dakika tatu, na jina la mahali aliposimama. Mimi ningelitazama duara hilo kwa muda mrefu.

Miwani ya uhalisia pepe siikatai, lakini fanyeni hesabu kwanza. Darasa la watoto 40, kila mmoja dakika tano kwenye miwani moja, ni zaidi ya saa tatu za foleni. Watengenezaji huweka kikomo cha umri, baadhi ya watu hupata kichefuchefu, na lenzi hupata ukungu kwa joto la pwani. Zaidi ya hayo, aliyevaa miwani yuko peke yake, hamuulizi mwenzake kitu. Mwaka 2015 wasanii wa Marshmallow Laser Feast waliifanya kazi hiyo vizuri katika msitu wa Grizedale, Uingereza: kofia za kutazamia zilining'inizwa humo humo msituni, mtu akauona msitu kama mbu au bundi auonavyo, kisha akavua akajikuta bado yuko palepale. Mwaka 2012, Kassel, Ujerumani, Janet Cardiff na George Bures Miller walificha spika zaidi ya 30 kati ya miti ya bustani ya Karlsaue na kuwaketisha watu pamoja. Kwa bajeti yenu nashauri spika.

Swali la ukataji miti nalijibu bila kuzunguka: maonyesho peke yake hayatauzuia. Anayechoma makaa kwa ajili ya karo anaujua msitu kuliko wageni wenu wote. Hapungukiwi na habari. Mnao mfano wa Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo na kuwauza nje wangali ndani ya maganda yao, na msitu ukawa na faida inayofika jikoni. Ninyi mnaongoza watalii, basi mna njia kama hiyo mkononi. Tiketi ya ukumbini iwe pia tiketi ya matembezi ya alfajiri msituni na kiongozi wa kijijini. Watoto wa shule za jirani wasilipe. Na kabla hawajaingia, waambieni wachore sange na mahali anapoishi. Wachore tena wakitoka. Mkiona majani yameongezeka kwenye michoro ya pili, kituo kinafanya kazi. Mkiona miti yenye midomo, rudini mrekebishe.

Yapo mambo ambayo msiyamalize kwa kusoma majibu kama haya. Majani makavu na nyaya ni moto unaosubiri kuwaka: chini ya majani pasipite chochote zaidi ya volti tano za betri, na stima ya ukumbi ikaguliwe na fundi mwenye leseni, ana kwa ana. Taa zisimulike na kuzima zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa, na mlango wa dharura uonekane gizani. Uyoga mtakaoupiga picha upelekeni kwa mtaalamu autambue, asiuonje mtu. Nendeni kituo cha Huduma ya Misitu pale Gede mkaombe ruhusa kwa barua kabla ya kufunga kifaa chochote mtini, na kama mna ndege isiyo na rubani, hiyo ina kibali chake cha mamlaka ya anga. Watafiti wa shirika la uhifadhi la A Rocha pale Watamu wameuchunguza msitu huo kwa miaka. Waombeni wasikilize rekodi zenu kabla hamjaandika jina la ndege yeyote ukutani.

Mkifikiria kurekodi katika kaya yoyote ya Wamijikenda, yaani msitu wao mtakatifu, mwendeeni mzee wa kaya kwanza, bila mashine mkononi. Akikataa, imetosha, hata kama kaya hiyo imo katika orodha ya UNESCO ya mwaka 2008 na picha zake zimejaa mtandaoni. Na huyo askari aliyewakatisha tamaa, mualikeni siku ya majaribio, avue viatu apite juu ya majani.